Mimi ni Mzima, Hali Yangu ni Njema

Kambini, Jumapili, 7 Machi 1943

Mke wangu Apolonia,

Mimi ni mzima, hali yangu ni njema. Tunaruhusiwa barua moja kwa mwezi, mistari michache, kwa Kijerumani tu. Kijerumani changu unakijua, ni cha kuuzia mapipa sokoni, kwa hiyo ananiandikia rafiki yangu Alojz Piecha, mchimba makaa wa kutoka Silesia. Tunalala ubao mmoja. Mimi nasema, yeye anaandika. Wewe mwombe Mzee Hieronim, mpiga kinanda wa kanisani, akusomee na akuandikie majibu.

Vifurushi vinaruhusiwa. Tuma vitunguu, vitunguu saumu, mafuta ya nguruwe, na mkate uliokaushwa. Nguo nzuri usitume. Mwambie Mama nakula, nalala, na kazi yangu ni ya nje, kwenye hewa safi.

Mumeo,
Wincenty Pietrasik


Wola Jaworska, 28 Machi 1943

Mume wangu Wincenty,

Barua yako imefika na Mama ameibusu kabla hata haijafunguliwa. Tangu tuoane hujaniandikia hata neno. Ulipokwenda Kielce majuma matatu ulinitumia salamu kwa mdomo wa muuza nguruwe. Imebidi wakukamate sokoni ndipo ukumbuke kwamba una mke.

Sisi ni wazima. Mama anauliza tangu lini unakula vitunguu saumu, maana ulikuwa ukivichokoa kwenye soseji kwa ncha ya kisu. Nimemwambia hewa safi imekufungua tumbo. Nimefurahi kwamba kazi ni ya nje, kwani ndani ya karakana ulikuwa unakohoa kila majira ya baridi.

Kifurushi kimeondoka jana. Msalimu Alojz na umgawie. Mzee Hieronim anausifu mwandiko wake, anasema herufi zote zimeegemea kushoto kama watu wanaotembea kinyume cha upepo, na hajawahi kuona mwingine wa namna hiyo.

Mkeo,
Apolonia


Kambini, Jumapili, 6 Juni 1943

Mke wangu Apolonia,

Mimi ni mzima, hali yangu ni njema. Kifurushi nimekipata, vitunguu vimefika vizima. Mguu wangu unaendelea vizuri.

(Hapa mistari mitatu imefutwa kwa wino mweusi.)

Usitume vitabu vya sala, vinarudishwa. Tuma mafuta. Alojz anakushukuru.

Mumeo,
Wincenty


Wola Jaworska, 17 Oktoba 1943

Mume wangu Wincenty,

Mguu gani? Nimeuliza Juni, nikauliza Agosti, nauliza tena. Kila mwezi naletewa maneno yaleyale, mzima, njema, mzima, njema, mpaka Mama ameyakariri kwa Kijerumani na anawasalimia nayo kuku asubuhi. Mimi si kuku. Kama umevunjika niambie umevunjika, nitajua cha kutuma.

Sufu tumepata. Mama anakufumia sweta, la kijivu kama ulivyotaka.

Mkeo,
Apolonia


Kambini, Jumapili, 5 Machi 1944

Mke wangu Apolonia,

Mimi ni mzima, hali yangu ni njema. Unisamehe kwa ukimya wa majira ya baridi. Nimehamishiwa kazi nyingine, sasa niko kiwandani chini ya paa, kwa hiyo andika nambari mpya ya bloku. Mguu umepona kabisa, usiuulizie tena. Sweta la Mama ni zuri na linanitosha.

Tarehe kumi na tisa mwezi huu ni siku yako ya kuzaliwa. Nakutakia afya na miaka mingi. Siku hiyo nitakula mkate wako polepole kwa ajili yako.

Mumeo,
Wincenty


Wola Jaworska, 26 Machi 1944

Dada Salomea,

Barua hii anakuletea muuza mayai, ameificha ndani ya soksi, kwa hiyo naandika kwa Kipolandi na bila kuogopa mkasi wa wakaguzi wa barua. Ukishaisoma ichome.

Wincenty ameandika. Ananipongeza siku yangu ya kuzaliwa. Dada, ya kuzaliwa! Nilidhani Mzee Hieronim amekosea kusoma, nikamwambia arudie, akarudia. Tarehe yenyewe mimi siijui. Ilinibidi niende kwa kasisi anifungulie kitabu cha ubatizo, na kweli, nilizaliwa tarehe kumi na tisa Machi. Nani nyumbani kwetu amewahi kusherehekea siku ya kuzaliwa? Wewe unaijua yako? Siku ya jina langu, ya Mtakatifu Apolonia, ndiyo tunayoisherehekea, na ilipita Februari bila neno. Mwaka jana alikuwa bado haruhusiwi kuandika, sikumlaumu. Lakini mtu huyu ndiye yule aliyetembea kutoka Kielce kwenye theluji hadi kiunoni asiikose siku hiyo, akafika na sukari imelowana mfukoni, tukainywa na chai pamoja na vumbi la tumbaku.

Halafu anasema sweta linamtosha. Mama alilifuma kwa kipimo cha koti lake la zamani, na Wincenty ni mtu mkubwa. Nikafikiri huko amekonda, nikajisemea, sweta litamning'inia. Linamtosha vipi?

Mama ana furaha, anamwonyesha barua kila anayepita. Mimi silali. Labda wamempiga kichwani akasahau. Labda anajaribu kuniambia kitu na mimi mjinga sielewi. Wewe unaishi mjini na unasikia mengi, niambie unavyoona.

Mdogo wako,
Apolonia


Kraków, 10 Aprili 1944

Mdogo wangu Polcia,

Nimeichoma, na vidole nimeunguza, asante sana.

Hapa kwenye chumba cha kufulia nilipo tunafua mashuka ya hospitali ya Wajerumani, na mwenzangu wa kwenye beseni jirani ni mama mmoja wa Silesia. Mwaka jana alileta keki. Nikamuuliza, leo Mtakatifu nani? Akasema hakuna mtakatifu, leo nimezaliwa. Tukamcheka. Naye akatucheka sisi, akasema kwao siku ya jina ni ya mbuzi, maana hata mbuzi ana jina, lakini siku ya kuzaliwa ni ya mtu. Ndivyo walivyo Wasilesia wote, Polcia. Na anayemwandikia mumeo ni nani? Si mchimba makaa wa huko?

Kwa hiyo pengine ni jambo dogo tu. Wincenty alisema, mke wangu nimtakie heri, na yule akaandika heri ya kwao. Shika hilo kwanza.

Lakini nitakwambia na lingine, maana ukilisikia kwa mtu mwingine utanichukia. Kuna mtu ametoka kwenye kambi mojawapo, kaka yake alitoa rushwa ya kufa mtu. Ana umri wangu na hana jino hata moja. Nilimuuliza inakuwaje wote wanaandika ni wazima. Akaniambia asiyeandika hivyo barua yake inachanwa, na yeye mwenyewe analazwa juu ya benchi na kupigwa mbele ya wenzake, na anahesabu fimbo kwa sauti kwa Kijerumani, akikosea wanaanza upya. Polcia, hayo maneno mama mkwe wako anayowasalimia kuku hayana maana yoyote.

Usimuulize waziwazi. Uliza juu ya yule rafiki. Habari za rafiki hazimnyongi mtu.

Dada yako,
Salomea


Wola Jaworska, 23 Aprili 1944

Mume wangu Wincenty,

Asante kwa pongezi zako. Sisi ni wazima, viazi tumepanda. Mama anamuulizia Alojz. Ulikuwa unamtaja kila barua na sasa kimya. Yu hali gani? Ni yeye bado anakuandikia? Tungependa kujua, tumemzoea kama mtu wa nyumbani.

Kifurushi kiko njiani, mafuta yako chini ya mkate.

Mkeo,
Apolonia


Kambini, Jumapili, 4 Juni 1944

Mke wangu Apolonia,

Mimi ni mzima, hali yangu ni njema. Unamuulizia Alojz Piecha. Alifariki kwa ugonjwa mwanzoni mwa Novemba mwaka jana, na mama yake alipelekewa telegramu. Tangu siku hiyo naandika mwenyewe, nimejifunza. Mwandiko utautambua. Rafiki yake alikuwa karibu naye mpaka mwisho.

Kifurushi cha Aprili nimekipata. Nakuomba usiache kuniandikia. Nakuomba sana.

Mumeo,
Wincenty


Wola Jaworska, 25 Juni 1944

Dada Salomea,

Mume wangu amekufa. Amekufa tangu Novemba na mimi nimekuwa nikimwombea mguu.

Barua yake inasema aliyekufa ni yule Alojz. Anasema sasa anajiandikia mwenyewe. Lakini Mzee Hieronim aliiweka barua hii juu ya meza, akaweka pembeni yake ile ya kwanza kabisa, na herufi ni zilezile, zote zimeegemea kushoto. Mkono ni mmoja. Aliyekuwa anaandika mwaka jana ndiye anaandika leo. Kama mwandishi yuko hai, basi aliyekufa ni yule aliyekuwa akisema. Mchimba makaa anaishi kwa jina la Wincenty na kwa nambari ya Wincenty, na kwao wanajua amekufa. Kwa nini, sijui. Ila mtu hajifichi ndani ya jina la maiti kwa mchezo. Lazima walikuwa wanataka kumuua.

Mzee Hieronim alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mimi nikasema nataka kuandika barua ya kuuliza, mume wangu yuko wapi, na huyu ni nani. Akaniambia, "Apolonia, ukiuliza hivyo, wanaosoma kabla yake watajibu wao." Nikamwambia wamjibu, kwani mimi ananihusu nini? Akasema, "Basi tafuta mwingine wa kuandika." Na mzee huyu Dada unamjua, hajawahi kumkatalia mtu kitu maishani mwake.

Nakwambia ukweli, kwa siku kadhaa nilimchukia huyo Alojz kuliko Wajerumani. Nilikuwa napika na kuwaza, amekula vitunguu vyangu. Amevaa sweta la Mama. Na kama Wincenty alikuwa anakufa kwa njaa na huyu amekaa pembeni anatafuna? Na kama alimsukuma afe ili achukue nafasi yake? Nani atanijibu? Kila nikifunga macho namwona mtu nisiyemjua uso anakula.

Halafu nikafikiri, nikinyamaza tu, nisipoandika tena, wataona Pietrasik hana tena mke wala kifurushi, na labda wataanza kuuliza. Na nikivaa nyeusi hapa kijijini, je? Mpasha habari wa kituo cha polisi anakaa nyumba ya tatu, na anapokea mshahara kwa masikio yake. Mjane wa mtu aliye hai! Kwa hiyo Jumapili nilifunga kile kitambaa changu chenye maua mekundu nikaenda kanisani, nikakaa mbele, na wanawake wakaniambia unapendeza. Misa ya marehemu siwezi kuomba. Jina lake siwezi kulitoa lisomwe. Na Mama Petronela siwezi kumwambia, maana mdomo wake hauna mlango. Amekaa hapo nje anamfumia soksi.

Nimeamua kuandika. Usinisifu, Dada, sijafanya kwa wema. Nikimwacha afe, hakuna atakayebaki duniani wa kuniambia Wincenty alikufaje.

Apolonia


Wola Jaworska, 2 Julai 1944

Mume wangu Wincenty,

Nimefurahi kwamba umejifunza kuandika. Mwandiko nimeutambua. Tumesikitika kwa ajili ya Alojz na tunamwombea, mwambie yeyote aliyekuwa karibu naye kwamba tungependa siku moja kusikia yote.

Kula chakula ninachotuma. Vaa sweta. Uwe hai, na ujue kwamba nakungoja.

Mkeo,
Apolonia


Katowice, 17 Juni 1945

Bibi Apolonia,

Hii ni barua yangu ya kwanza kwako kwa Kipolandi na kwa jina langu. Jina lenyewe bado sina haki nalo, kwenye ofisi hapa nimeandikwa marehemu, na karani ananitazama kama namtania. Waamerika walipofika kambini Aprili nilikuwa nimelala na homa. Nimefika kwetu mwezi huu.

Wincenty amefariki, tarehe nane Novemba mwaka wa arobaini na tatu. Nadhani ulishajua. Ile barua yako ya Julai niliisoma chooni nikiwa nimeuma mkono wangu nisipige kelele.

Kazi ya nje kwenye hewa safi ilikuwa machimbo ya mawe. Tulibeba mawe mabegani tukikimbia mlimani, na aliyechagua jiwe dogo aliongezewa la pili. Nyapara wetu alikuwa mfungwa pia, jambazi wa kutoka Hamburg, na walinzi walimpa tumbaku akiwachekesha. Mei ile aliona jiwe la Wincenty ni dogo. Halikuwa dogo, Wincenty alikuwa mkubwa. Akampiga kwa mpini wa sururu chini ya goti. Jioni tukisimama uwanjani kuhesabiwa, wakati mwingine mpaka usiku, tulimshika kwapani, mimi huku na mwingine huku. Hata waliokufa mchana waliletwa uwanjani, wakalazwa mwishoni mwa mstari, maana hesabu ilitakiwa itimie. Siku niliyokuandikia kwamba mguu unaendelea vizuri tulikuwa tunaufunga kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Walichokifuta kwa wino ni hicho.

Mimi nilihamishiwa kiwandani mapema kuliko yeye. Mwishoni mwa Oktoba mashine ziliharibika, wakasema ni hujuma, wakachagua watu wa kunyonga, na jina langu likawemo. Mhudumu wa zahanati ya kambi, mfungwa Mcheki, alinilaza kama mgonjwa. Wincenty alikuwa amelazwa hapo tayari, mguu umeoza. Alipofariki, Mcheki aliandika kwamba aliyekufa ni mimi, akanipa nambari ya Wincenty. Ndivyo nilivyopona. Wincenty alikufa kwa amani, usingizini.

Telegramu ya kifo changu ilimfikia mama yangu. Nilipopiga hodi alifungua mtu mwingine. Mama alifariki wakati wa baridi ile ile. Majirani wanasema baada ya telegramu hakupika tena.

Sina la kukudai. Nilitaka tu ujue.

Alojz Piecha


Wola Jaworska, 8 Julai 1945

Bwana Alojz,

Pole kwa mama yako. Nimelisema kwanza, maana nikiendelea sitalisema tena.

Nimemwambia Mama Petronela. Hakulia. Aliingia ndani akatoa barua zote, akazimwaga mezani, akaniambia nitenge za mwanawe, zako hazitaki. Nitazitengaje? Mkono mmoja, maneno yaleyale. Amekaa nazo siku nzima anazipapasa kama vipofu wanavyopapasa. Niambie ni zipi.

Sasa langu mimi. Umeniandikia "kwa amani, usingizini". Bwana Alojz, nimesoma "mimi ni mzima, hali yangu ni njema" mara nyingi mno, nayatambua hata yakivaa nguo nyingine. Mguu umeoza, halafu kwa amani? Wewe ulikuwa unangoja kunyongwa kitanda cha pili, naye akafa wakati uleule uliohitaji afe. Unanificha nini?

Nimekuandikia mwaka mzima kama mume. Nimejifanya mke wa mtu nisiyemjua, nimecheka kanisani, nimeagiza sufu. Nina swali moja na sitaki unihurumie. Je, ulikula chakula chake?

Apolonia Pietrasik


Katowice, 19 Agosti 1945

Bibi Apolonia,

Barua za Wincenty ni zile zote za mwaka wa arobaini na tatu. Za arobaini na nne ni zangu. Mwambie Mama hivyo.

Ndiyo, nilikula.

Tulijua wangekuja kunichukua Jumanne asubuhi. Mcheki alihitaji maiti wa umri wangu kabla ya hapo, vinginevyo angenirudisha, maana na yeye shingo yake ilikuwa moja. Alipita usiku akiwatazama wagonjwa waliokuwa wanaelekea kufa, na tulizungumza kwa sauti ya chini juu ya nani anafaa. Wincenty alikuwa macho. Sisi tulidhani amelala. Akaniuliza ni lini. Nikamwambia Jumanne. Akasema, "Basi hiyo supu kunywa wewe. Mimi sina haraka nayo."

Ilikuwa Jumamosi. Toka hapo hakutia kitu mdomoni, hata maji, na homa ilikuwa inamchoma midomo mpaka ilipasuka. Nilimsihi, nilimwekea kijiko, akafunga meno. Kifurushi chako cha Oktoba kilifika Jumapili, kimeibwa nusu, na alikisukuma kwangu kwa mkono. Nikasema siwezi. Akasema, "Kula wewe, usinitazame kama kasisi. Mimi huu mguu hauniachi, wewe una miguu miwili." Nikala, Bibi Apolonia. Nilikula mkate wako mbele ya macho yake, na ulikuwa mtamu, na sitakudanganya kwamba ulinikaba.

Kati ya usingizi na homa alinifundisha maisha yake ili nisikamatwe nikiulizwa. Jina la Mama, kijiji, bei ya mapipa, kwamba wewe unacheka kabla hujamaliza kusimulia. Siku yako ya kuzaliwa niliisoma kwenye kadi yake ya kambi nikaikariri. Siku ya jina lako hakunitajia. Nadhani hakufikiri kuna Mpolandi asiyejua siku hiyo.

Sasa lile ulilosema naficha. Usiku ule wa Jumapili na mchana wa Jumatatu nilikuwa nakitazama kifua chake. Kilikuwa kinapanda na kushuka, na mimi nilikuwa nataka kisimame. Nilikuwa namshika mkono na nilikuwa nataka kisimame. Jumatatu jioni, nje wakiwa wanahesabiwa, kilisimama, na jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa furaha. Amani haikuwepo. Alikuwa na kiu.

Kama utaniruhusu, ningependa kuja kupiga magoti mbele ya Mama yake. Sina pengine pa kuyapiga.

Alojz Piecha


Wola Jaworska, 4 Novemba 1945

Bwana Alojz,

Barua yako ya Agosti nimeisoma peke yangu, kisha nikamsomea Mama Petronela yote, hata pale pa furaha. Alinirudisha mahali pa supu mara kadhaa. Mwishowe alisema huyo ni Wincenty kweli, tangu mdogo ukimbembeleza ale anafunga meno. Halafu ndipo akalia, na hajaacha vizuri mpaka leo. Barua zako za arobaini na nne hakuzichoma. Ameziweka kwenye sanduku la nafaka, mbali na zake.

Alhamisi, siku ya Watakatifu Wote, jina lake lilisomwa kanisani pamoja na marehemu wengine. Nilikuwa nimelingoja kwa hamu ya ajabu, na liliposomwa lilikuwa fupi tu, kasisi akavuta pumzi akaendelea na mwingine.

Unataka kuja. Nitakwambia ukweli kama ulivyoniambia. Sikulaumu, na shukrani bado sina. Juzi kwenye kituo cha treni niliona mwanamume wa umri wako anakula tufaha, mzima, anatembea, na nilitamani kumpiga. Hakunikosea kitu. Kwa hiyo bado usije.

Alhamisi ile ya Watakatifu Wote nilivaa nyeusi kwa mara ya kwanza. Majirani wananishangaa, wanasema Polcia, huyo si alikufa zamani, mwaka wa kuomboleza ulishapita, utaanzaje leo? Sikuwajibu. Wewe nakujibu. Mwaka ule niliopaswa kumlilia nilikuwa nafunga kitambaa chekundu na kukuandikia wewe mume wangu. Mwaka ule nilikupa wewe. Huu ni wake. Usije kabla haujaisha.

Apolonia